Chapati Zipo? Ipo.

Saa tano asubuhi, ofisini kwetu Sinza, feni inazungusha joto lilelile la jana. Binti wa fildi aliyekaa meza ya dirishani akaandika `$bidhaa->` kwenye programu yetu, akasubiri. Kiboksi cha mapendekezo kikafunguka, kikakuta hakina la kusema, kikajifunga.

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeulizia mzigo dukani akaambiwa umeisha.

"Haina," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anajiambia mwenyewe.

Kisha akaanza kuandika fankisheni yake, yaani kipande cha programu chenye kazi moja, ya kukokotoa bei.

Nilikuwa nyuma yake na kikombe cha chai ya rangi. Niliona, nikapita. Lile "haina" lilikuja kunikaa kichwani wiki sita, na ndilo linalonifanya niandike haya.

(Nikisema kodi humu ndani, naongelea kodi ya kompyuta, yale maagizo tunayoiandikia. Ile ya TRA nitaiita VAT, maana zote mbili zimo kwenye kisa hiki na sitaki tuchanganyane.)

## Simu kutoka Kariakoo

Mteja wetu ana duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na mfumo tuliomtengenezea unamtolea profoma. Baadhi ya bei ziliingizwa zikiwa na VAT ndani tayari, nyingine hazina. Yeyote aliyewahi kuhamisha data kutoka kwenye Excel ya mtu mwingine anajua mambo hayo huwa yanatokeaje. Ndiyo maana klasi ya `Bidhaa`, ile kodi inayoeleza bidhaa moja ina nini na inafanya nini, ina fankisheni inaitwa `beiYaMwisho()`. Inaangalia kwanza kama VAT imo, haimo ndipo inaongeza asilimia 18.

Fankisheni ya binti haikuangalia. Angejuaje? Kitu cha shilingi 10,000 ambacho kilikuwa kimeshaandikwa 11,800 kikapigwa VAT mara ya pili, kikatoka 13,924. Profoma ikachapwa, fundi akaisoma, akaikunja, akavuka barabara kwenda duka la pili.

"Bwana mdogo," mwenye duka akanipigia, kwa ule upole unaotisha kuliko kelele. "Hii VAT yenu inazaa?"

Nikaomba radhi. Tukarekebisha jioni ileile. Ndipo nikamuuliza binti, bila ukali, kwa nini hakutumia `beiYaMwisho()`.

"Kaka, haikuwepo. Mbona niliangalia."

"Niliangalia." Alikuwa anasema kweli. Aliangalia mahali ambapo sisi sote siku hizi tunaangalia: kwenye ile orodha inayoshuka ukiandika mshale. Hakuna anayefungua faili la klasi kulisoma toka juu mpaka chini. Orodha ikinyamaza, mtu haelewi kwamba edita, ile programu tunayoandikia kodi, haijui. Anaelewa kwamba kitu hakipo.

Na plagini, yaani kiongezo cha edita, inayoleta orodha hiyo kwa lugha ya kompyuta ya PHP, mimi ni mmoja wa watu wachache wanaoitunza.

## Kwangu inafanya kazi

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kile ambacho kila mwandika kodi hufanya akiletewa lawama. Nilifungua mashine yangu, nikaandika mfano wangu: arei, yaani mkusanyiko wa vitu, ya `Mteja[]`, lupu ya kuupitia kimoja kimoja, `foreach ($wateja as $mteja)`, kisha `$mteja->`. Orodha ikashuka yote, safi kabisa.

Nikamwambia inafanya kazi. Labda ni edita yako.

Yeye anatumia VS Code, mimi Neovim, kwa hiyo kisingizio kilikuwepo. Lakini nilijua ninadanganya kidogo. Tangu 2016, Microsoft walipotangaza pamoja na Red Hat na Codenvy itifaki ya seva za lugha, yaani utaratibu wa edita kuiuliza programu nyingine inayoielewa lugha, edita haifikirii tena mambo haya yenyewe. Inatuma swali tu: faili hili, mstari huu, herufi hii, hapa panafaa nini? Anayejibu ni seva ya lugha, na seva yetu ni ileile moja, kwake na kwangu. Kama imenyamaza kwake, aliyenyamaza ni mimi.

Siku mbili baadaye nikavuta kiti nikakaa pembeni yake. Nikamwomba aandike vilevile alivyoandika siku ile, nisimguse wala nisimwelekeze. Akaandika:

```
/** @param Bidhaa[] $bidhaa */
function profoma(array $bidhaa) {
    foreach ($bidhaa as $bidhaa) {
        $bidhaa->
```

Orodha ikafunguka, tupu, ikajifunga.

Nikautazama mstari wa tatu kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

`$bidhaa as $bidhaa`.

Ukiwa na `$wateja`, mmoja wao ni `$mteja`. Ukiwa na `$vitabu`, kimoja ni `$kitabu`. Lakini bidhaa moja ni bidhaa, na bidhaa mia ni bidhaa. Vilevile risiti. Vilevile simu, nyumba, namba, tarehe, yaani nusu ya vitu ambavyo mfumo wa biashara unahesabu. Mtoto wa Dar anayeandika kodi kwa lugha yake atafika hapo mapema sana, na PHP haitamzuia, kwa sababu kwa PHP hiyo ni kodi halali kabisa. Lupu inazunguka arei bila shida, na kila mzunguko `$bidhaa` inashika kitu kimoja.

Seva yetu ndiyo iliyokuwa haielewi. Ilikuwa na daftari la majina na aina, mstari mmoja kwa jina moja, kama daftari la madeni la Mangi mwenye duka la mtaani. `$bidhaa` ikaandikwa mara ya kwanza pale juu, kama arei. Lupu ilipokuja kusema "sasa `$bidhaa` ni hii moja", daftari likajibu kwamba jina hilo tayari linalo. Binti akauliza `$bidhaa->`, seva ikafungua ukurasa, ikaona arei, na arei ya PHP haina cha kuitwa kwa mshale. Ikarudisha orodha tupu kwa uaminifu wote.

Nikaenda kwenye folda ya testi za mradi, yale majaribio ya kuhakiki kodi. `$users as $user`. `$orders as $order`. Faili baada ya faili, miaka na miaka ya testi, na hakuna hata moja ambapo wingi na umoja vinafanana.

Kadhaa niliziandika mwenyewe. Mimi, ambaye naota kwa Kiswahili, nimeandika `$users`.

## Nikatoa kimya, nikaleta uongo

Marekebisho ya kwanza yalinichukua dakika kumi na tano, na hilo lilitosha kunitia wasiwasi, ila sikuusikiliza. Nilibadilisha tabia ya daftari: jina likija tena, aina mpya ifute ya zamani. Ndani ya lupu orodha ikashuka. `beiYaMwisho()` ikawa ya kwanza kabisa. Nikamwita binti aje aone, akasema "eeh, sasa," nikajisikia mtu.

Kesho yake akaniita tena.

Alikuwa amerudi juu, kabla ya lupu, anataka kuhesabu bidhaa zote. Akaandika `$bidhaa->` kwa kubahatisha, na seva ikamletea orodha nzima ya bidhaa moja. Daftari lilikuwa limesoma faili lote mpaka chini, likabaki na neno la mwisho, na sasa lilikuwa linalisema kila mahali. Akachagua. Akaendesha. PHP ikafa na ujumbe wake maarufu, `Call to a member function beiYaMwisho() on array`: umeita fankisheni ya kitu kimoja juu ya arei.

Hapo ndipo nilipokaa chini kweli. Orodha tupu ilimfanya binti aandike fankisheni ya ziada, ambayo angalau tungeweza kuisoma na kuijadili. Orodha ya uongo ilimfanya aamini. Kimya kina aibu yake, lakini seva inayojibu kwa ujasiri jambo isilolijua ni mbaya zaidi, na mimi ndiye niliyeisukuma ikafika hapo.

Nikafukua zaidi. Mahali ambapo seva inatoa aina ya kitu kimoja kutoka kwenye aina ya arei, palikuwa na mstari huu:

`rtrim($aina, '[]')`

Unaonekana hauna neno. Kata mabano ya mwisho, `Bidhaa[]` inabaki `Bidhaa`. Ila `rtrim` haiyaoni hayo mabano kama jozi. Inayaona kama mfuko wa herufi, na inafuta kila herufi iliyomo mfukoni mpaka ikutane na isiyomo. `Bidhaa[][]`, yaani rafu na kila rafu na bidhaa zake, ukiizungusha mara moja ulipaswa kupata rafu moja, `Bidhaa[]`. Seva ilikuwa inaruka rafu nzima, inakukabidhi bidhaa mkononi.

Nikaangalia historia ya mstari huo nani aliuandika.

Nisiseme.

## Magomeni

Wiki iliyofuata nilienda Kariakoo kumwona mwenye duka uso kwa uso, maana kuna radhi ambazo simu haizitoshi. Nikapanda mwendokasi Shekilango. Ilikuwa masika, mvua imepiga usiku kucha, na tulipofika Magomeni tukashushwa: Jangwani pamejaa maji, gari haliendi. Anayeijua hiyo barabara hajashangaa.

Nikajibanza kwenye banda la mama ntilie mmoja karibu na kituo. Mbele yangu kijana wa bodaboda, koti la mvua linadondosha maji.

"Mama, chapati zipo?"

Mama hakugeuka hata.

"Ipo."

Kijana akacheka, akasema basi nipe hiyohiyo na maharage.

Mimi nikabaki nimesimama. Mama hakusema moja, hakusema imebaki. Alibadilisha silabi moja tu, *zi* ikawa *i*, na sote watatu pale tukajua kwamba kwenye lile hotipoti kuna chapati moja peke yake, na tayari ina mwenyewe. Neno chapati halikuguswa. Halijui kama ni moja au ishirini, na halijali. Kinachojua ni sentensi.

Nilikuwa nimeshinda wiki tatu nikilitafuta jibu kwenye jina. Daftari langu, la kwanza na la pili, yote yaliuliza swali lilelile: `$bidhaa` ni nini? Swali halina jibu. Ukimuuliza mtu barabarani "bidhaa" ni umoja au wingi, atakuuliza imefanyaje. Imefika au zimefika? Kwenye kodi ni hivyohivyo: inategemea umesimama mstari gani.

Mwenye duka sikumwona siku ile. Nilirudi Sinza kwa bajaji, viatu vimeloa, nikafuta daftari lote.

## Kila mstari na jibu lake

Kazi yenyewe sitaieleza yote, ilikuwa ndefu na sehemu kubwa yake inachosha. Kwa kifupi, seva sasa inatembea na kodi kuanzia juu kama PHP yenyewe inavyotembea, na kila hatua inabeba picha ya vigeu vyote, yaani majina kama `$bidhaa`, vilivyo hai hapo. Ukiuliza, inakujibu kwa picha ya mahali kishale kiliposimama, si kwa picha ya faili zima. Mabano yanakatwa jozi moja tu. `array<string, Bidhaa>` inajulikana kwamba kitu ni cha pili, cha kwanza ni ufunguo.

Kuna moja ilinichekesha, nikiwa tayari najiona nimemaliza. Binti aliandika `$bidhaa->` katikati ya lupu, juu ya mstari uliokuwepo unaoanza na `$jumla += `. Kimya. Kumbe PHP haijali ukishuka mstari baada ya mshale. Ikasoma mistari miwili kama mmoja, `$bidhaa->$jumla`, yaani chukua kwenye bidhaa kile kitu ambacho jina lake limeandikwa ndani ya `$jumla`. Kodi halali! Kichanganuzi, sehemu ya seva inayosoma kodi, hakikuona tatizo lolote, hivyo hakikuona kama kuna mtu anasubiri msaada. Dawa ni ujanja wa zamani wa watu wa edita: kabla ya kusoma faili, chomeka jina la bandia na nukta-mkato pale kishale kilipo, kisha soma. Unaidanganya mashine kidogo ili ikuambie ukweli.

Ila lililonikosesha usingizi halikuwa ndani ya lupu. Lilikuwa baada yake.

## Huenda

Kwenye PHP lupu ikiisha, kigeu chake hakifi. Baada ya `foreach ($bidhaa as $bidhaa)`, ule mstari unaofuata mabano ya kufunga, `$bidhaa` ni nini?

Ni bidhaa ya mwisho iliyopita kwenye lupu.

Isipokuwa arei ilikuwa tupu. Hapo lupu haikuzunguka hata mara moja, hakuna kilichobadilishwa, na `$bidhaa` bado ni arei ileile tupu iliyoingia.

Kwa hiyo jibu sahihi kabisa, lisilo na uvivu wowote ndani yake, ni kwamba hatujui. Huenda ni moja, huenda ni arei. Hata ukisimama mahali sahihi, sentensi yenyewe haijaamua. Na mimi natakiwa kuchora orodha kwenye skrini ya mtu ndani ya muda ambao hatasikia kama amesubiri.

Nionyeshe tupu? Nimeshaona tupu inafanya nini. Nionyeshe kama kawaida? Nimeshaona pia. Niliandika njia ya kwanza asubuhi, nikaifuta jioni. Nikaandika ya pili, nikailalia, nikaifuta. Mwishowe nikaacha mapendekezo yaonekane, lakini yakiwa chini, na pembeni ya kila moja kuna maelezo mafupi yanayosema aina mbili zote zinazowezekana, na mbele yake neno moja: *huenda*.

Nilisahau kulitafsiri kabla ya kutuma ombi la kuunganisha kodi yangu na ya mradi.

## Mwambie abadilishe jina

Mwenzangu kwenye mradi, anaishi Ujerumani, ndiye aliyelipitia ombi hilo. Mtu makini, na maoni yake ya kwanza yalikuwa ya haki: hii ni kodi ngapi kwa ajili ya tabia moja mbaya ya kuandika? Kigeu cha lupu kisichukue jina la arei. Mwambie mwanafunzi wako abadilishe jina, tatizo limekwisha.

Na nakubali, ni tabia mbaya. Kisa cha arei tupu peke yake kinatosha kumkataza mtu. Mimi mwenyewe naandika `$bidhaa as $b`, na nimeshamfundisha binti hivyo. Ofisi nyingine nimeona wanaandika `$bidhaaMoja`, wengine `$kila_bidhaa`, ambayo naipenda, inasomeka kama mtu anaongea.

Lakini kuna kitu kilinikwama. PHP inaikubali. Ukiiendesha, inatoa jibu sahihi. Sisi tulikuwa tumejenga chombo kinachofanya kazi vizuri kwa lugha ambazo majina yake hubadilika kwenye wingi, na kikishindwa hakisemi kimeshindwa, kinasema kitu hakipo. Na anayeambiwa hivyo ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye hawezi kuhisi kwamba mwenye kosa ni chombo. Atajua kosa ni lake.

Nilimwandikia hivyo, kwa maneno makali kuliko haya, kisha nikafuta nusu. Nikamtumia badala yake faili la testi: `bidhaa`, `risiti`, `simu`, kila moja ikiwa arei juu na kitu kimoja ndani ya lupu, na testi kumi na nne zinazofeli kwenye toleo la zamani.

Alikaa kimya siku tatu. Kisha yakaja maswali mawili.

La kwanza, *huenda* ni kitu gani.

La pili, ili aelewe testi vizuri, nimwambie tu: bidhaa ni umoja au wingi?

"Ndiyo," nikamjibu.

Akaunganisha usiku ule.

Jumatatu nilipita tena nyuma ya meza ya dirishani na chai yangu. Binti alikuwa anaandika ripoti ya stoo, vidole vinakimbia. `foreach ($risiti as $risiti)`, amesharudia yaleyale niliyomkataza. Mshale. Orodha ikashuka. Akaipitia kwa macho, akashuka mbili chini, akabonyeza Tab, akaendelea na mstari unaofuata.

Hakusema kitu.

"Kaka," akaniita baadaye kidogo, bila kugeuka. "Mihogo imeshafika?"